Dadu irushwe mezani, tuone wote

Kitambo sijaandika, UE zilinibana kisawasawa. Sasa chuo kimefunga, niko zangu nyumbani Makanyagio, napumzisha akili baada ya msuli wa muhula mzima. Ila kuna ubishi nimetoka nao hosteli na bado unaniwasha: dadu irushwe hadharani au mafichoni?

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, watunzi wakiwa Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa mezani, kila mtu anakuwa mhusika wa hadithi, labda mpiganaji, labda mchawi, na mmoja wenu anakuwa msimulizi. Ukitaka kuruka shimo au kumpiga adui, dadu ndiyo inaamua, na ile maarufu ina pande 20. Sisi hatuna, tunachomoa vikaratasi 20 kwenye kikombe cha uji. Mambo yanakwenda.

Sasa kwa desturi msimulizi hukaa nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu, ili tusione ramani na siri zake. Na dadu zake anarushia huko huko. Kwa hiyo inaweza kutoka namba ya kukuua, yeye akasema "amekukosa". Wewe utajuaje?

Wanaotetea kuficha wana hoja mbili. Ya kwanza, hadithi isiharibike: mhusika umemlea muhula mzima, halafu afe kwa kung'atwa na panya kwa sababu ya dadu moja! Ya pili, dadu inatoa siri. Ukikagua mlango kama una mtego, ukaona umepata 2, unajua umekagua vibaya hata ukiambiwa hamna kitu. Hofu yote imekwisha.

Hoja ya pili naikubali. Ya kwanza hapana, na sababu zangu nazipata hapa hapa mtaani.

Angalia vijana wanaocheza ludo chini ya mwembe. Dadu inatikiswa kwenye kikopo, inamwagwa mbele ya macho ya kila mtu. Kutoka nyumbani unahitaji sita. Tupige hesabu kidogo: kuikosa sita mara kumi mfululizo ni asilimia 16 hivi, yaani karibu sawa na kuipata sita kwa kurusha mara moja. Ni jambo la kawaida kabisa! Lakini anayekosa mara kumi chini ya mwembe anacheka na kulaani mkono wake. Mtu huyo huyo akikosa mara kumi kwenye ludo ya simu anaapa kwamba programu inamwibia. Inawezekana dadu zote mbili ni za haki, ila moja ameiona ikibingirika na nyingine hakuiona. Dadu iliyofichwa hata ikiwa safi haiaminiki, na ukishapoteza imani huna tena mchezo.

Wapenzi wa soka mnaijua nusu fainali ya Ulaya ya 1968 pale Naples. Italia na Umoja wa Kisovyeti walitoka 0-0 hata baada ya dakika za nyongeza, na wakati huo hapakuwa na penalti za kuamua mshindi. Ikarushwa sarafu, tena ndani, mashabiki wakibaki uwanjani wanasubiri. Italia wakapita, na mwisho wakachukua kombe. Lakini manahodha wa timu zote mbili walikuwepo pale sarafu iliporushwa. Ungemfungia nje mmoja wao, matokeo hayo yangekubalika?

Halafu kuna upatu wa kina mama. Ule aliocheza mama yangu ulikuwa na watu 12, kila mmoja 20,000 kwa wiki, kwa hiyo anayepokea anaondoka na 240,000. Kijumbe akachezesha vikaratasi peke yake nyumbani kwake, akaja na orodha tayari. Namba moja ni mdogo wake wa damu. Mama namba 11, na ada ya mdogo wangu inadaiwa. Labda yule kijumbe alichomoa kwa haki kabisa. Lakini hakuna aliyeona, basi maneno yakaanza, watu wakaacha kutoa, na upatu ukafa wiki ya saba. Mama hakupata hata shilingi. Vikaratasi vile vile vingechomolewa kwenye bakuli mbele ya wote, angenung'unika kidogo na kusubiri zamu yake.

Mtasema hela ya ada na panya wa kwenye hadithi ni vitu viwili tofauti. Kweli, uzito si mmoja. Ila kinachovunjika ni kile kile. Tena msimulizi akiniokoa kwa siri mara moja, kila nitakaposhinda baadaye nitajiuliza kama nimeshinda mimi au nimehurumiwa. Ushindi wa kuhurumiwa hauna utamu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa washkaji wa hosteli ni hili. Dadu ya kufa na kupona irushwe katikati ya meza. Dadu ya kujua jambo, kama ile ya mtego, ifunikwe na kikombe na ifunuliwe mambo yakishajulikana, hapo siri inabaki na ushahidi unabaki. Na wewe msimulizi, kama hutaki mtu afe kwa panya, usirushe dadu kabisa! Sema tu panya amekimbia. Hadithi ni yako, badilisha unavyotaka. Lakini ukishaiuliza dadu swali, sote tuna haki ya kusikia jibu lake.

Tukifungua chuo, kikombe cha uji kitakaa katikati ya meza. Anayepinga aje na hoja.