Wakosaki si kabila, jamani!



Leo siandiki habari za baridi wala bei ya mkate. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, huku Uingereza neno Wakosaki halikauki midomoni mwa watu. Ni wale wapanda farasi wa nyika za Ukraine na kusini mwa Urusi. Mmoja anasema hao ni Warusi halisi. Mwingine anasema ni Waukraine halisi. Wa tatu naye anakuja na lake: ni kabila la peke yake, damu safi tangu enzi na enzi. Mimi nasema wote watatu wanatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na jina lenyewe. Limetoka lugha za Kituruki, qazaq, maana yake mtu huru, mzururaji asiye na bwana. Ni neno lile lile lililowapa jina watu wa Kazakhstan. Na wa kwanza kuitwa hivyo kwenye nyika zile, karne ya 15, wengi walikuwa Watatari! Waslavi walijaa baadaye. Sasa hiyo damu safi iko wapi?

Na Waslavi walifuata nini kule? Walikuwa watoro. Mabwana wa Polandi na Lithuania waliwakaba wakulima kwa kazi za lazima. Moscow nako hali kadhalika, mpaka sheria ya 1649 ikamfunga mkulima kwa bwana wake moja kwa moja. Mwenye miguu alikimbia. Wengine waliteremka mto Dnipro wakapita maporomoko, wakajenga ngome yao iliyoitwa Sich. Wengine walikwenda mto Don. Orodha ya jeshi la Dnipro ya 1649 ina majina kama 40,000, na humo mna watu walioitwa kwa walikotoka: Mlithuania, Mtatari, Mmoskovi. Kabila gani hilo?

Kilichowaunganisha ni ahadi. Kule Don msemo wao ulikuwa kwamba aliyefika harudishwi. Sich ilipokea mwanamume aliyekubali imani ya Kiorthodoksi, na viongozi walichaguliwa mkutanoni na kuondolewa huko huko.

Naomba nieleweke, siwapambi. Wanawake hatukuruhusiwa Sich. Walipora miji ya pwani ya Bahari Nyeusi, na katika uasi wa Bohdan Khmelnytsky ulioanza 1648 waliuawa Wayahudi maelfu kwa maelfu. Mwaka 1671 wakubwa wa Don walimkamata mwenzao Stenka Razin, aliyewaongoza maskini kuasi, wakamkabidhi Moscow akauawe. Ile ahadi waliivunja wenyewe! Baadaye wajukuu wa watoro wakawa viboko vya mfalme wa Urusi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ukisema ni damu, unawafuta wale watoro, na unawasamehe waliowauza. Kukimbia utumwa ulikuwa uamuzi. Kumkabidhi Razin nao ulikuwa uamuzi. Damu haikuamua lolote.

Mimi damu naitundika wodini kila wiki. Mifuko imeandikwa A, B, AB, O... sijaona hata mmoja ulioandikwa Mkosaki.

Anayebisha aweke maoni yake hapo chini, ila aje na hoja, si matusi. Wasalimieni wote.