Nasaba Haithibitishwi kwa Mate

Wapo vijana wa nchi za Ghuba wanaopeleka mate yao maabara ili waambiwe kama wao ni Adnani au Qahtani. Wakiambiwa sivyo, fitina huingia majumbani.

Ni kweli kwamba wataalamu wa vinasaba wanayo alama waliyoiita J1, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume peke yake. Tawi lake la P58 limeenea mno Bara Arabu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 uliikuta J1 kwa wanaume wapatao 7 katika kila 10 waliopimwa Yemen, na zaidi ya nusu ya waliopimwa Qatar. Lakini Imarati walikuwa kama theluthi moja tu. Je, waliobakia si Waarabu?

Tena si alama ya Waarabu pekee. Imo Dagestan, katika milima ya Caucasus, ingawa kwa tawi jingine. Na hiyo P58 yenyewe ilionekana mwaka 2009 kwa karibu nusu ya Mayahudi wa ukoo wa makuhani waliopimwa. Watafiti wa mwaka 2010 waliona kuwa asili yake ni kaskazini, pande za milima ya Taurus na Zagros, ikateremka na wafugaji maelfu ya miaka kabla ya Uislamu. Futuhati za karne ya 7 ziliikuta nzee, zikaizidisha Afrika Kaskazini.

Atasema mtu kuwa yapo matawi madogo zaidi. Naam, yapo. Lakini ni nani aliyepima mifupa ya Adnan? Jina la babu huyo juu ya tawi limeandikwa na mikono ya watu. Isitoshe, ukihesabu vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kipimo hiki husoma moja tu. Mama mzazi hayumo!

Majmaa ya Fiqhi ya Rabita, ilipokutana Makka Januari 2002, iliamua kuwa haijuzu kutumia kipimo cha vinasaba kuhakiki nasaba iliyokwisha kuthibiti kisheria, wala kuikanusha bila ya liaan. Ikakiruhusu penye dharura, kama watoto waliochanganyika hospitalini, au maiti wasiotambulikana baada ya maafa. Kujifakharisha kwa kabila hakukutajwa miongoni mwa dharura hizo.