Mama Naye Arudi Darasani

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mitihani inayozipata familia zinazohamia nchi za Magharibi ni huu: mtoto huijua lugha ya shule kabla ya mama yake. Haupiti muda mrefu akawa yeye ndiye mkalimani wa nyumba. Barua ya mwalimu huisoma yeye, na katika kikao cha wazazi maneno ya mwalimu hupitia kinywani mwake. Je, mtoto aliyeshtakiwa kwa utoro atayafasiri mashtaka yake mwenyewe kwa uadilifu? Hapo hatamu za malezi huwa zimemtoka mzazi, naye hana habari.

Dawa ya maradhi haya ni elimu ya mama mwenyewe. Nchini Kanada, ambako wamo ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki, serikali ilianzisha mwaka 1992 mpango uitwao LINC, unaowafundisha wahamiaji lugha ya Kiingereza bila ya malipo. Baadhi ya vituo vyake huwatunza watoto wadogo wakati mama zao wako darasani. Na katika jimbo la Ontario wamo mashuleni wafanyakazi maalumu wanaowaeleza wazazi wahamiaji namna shule zinavyoendeshwa.

Lakini fursa hii ina mpaka. Masomo hayo ni ya wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa. Anayepata uraia huipoteza haki hiyo. Mama anayeambiwa kila mwaka asubiri watoto wakue, huenda akaja kuukuta mlango umefungwa.

Na ni nani anayemwambia asubiri? Aghalabu ni mumewe. Huyasifu masomo barazani, kisha huona taabu kubaki na watoto jioni mbili kwa wiki. Kutafuta elimu ni faradhi, na mwanamke hakutolewa katika faradhi hiyo.

Wako wanaochelea kwamba lugha ya kigeni itaziondoa lugha na adabu za nyumbani. Sivyo. Mama asiyejua mwanawe anafundishwa nini hawezi kulitetea jema lililomo wala kulipinga baya. Nyumbani na aseme Kiswahili na wanawe; shuleni na aseme na mwalimu kwa ulimi wake mwenyewe.

Basi kila mume aliyeko huko na aulize wiki hii: kituo cha masomo kiko wapi, na ni siku zipi atakazobaki yeye na watoto?