Andikeni jina kwenye chuma

Sisi wa kwenye migodi tunajua kutosha pikipiki nzima ndani ya vyuma vya kutupwa: injini ya huyu, gurudumu la yule, na deni kwa mwenye kuchomelea. Njo maana historia ya zile pikipiki ndefu za filme Easy Rider, ya 1969, inatuuma. Zilikuwa Harley-Davidson za zamani za polisi, zilizouzwa kwa mnada. Wamarekani weusi wawili, Ben Hardy na Cliff Vaughs, njo walizijenga upya kule Los Angeles. Filme haikuandika majina yao. Sifa zilienda kwa wenye kuzipanda. Wachimbaji wa kobalti munaelewa. Basi vijana munaounga pikipiki huku kwetu, gongeni jina kwenye chuma mbele ya kupaka rangi.