HASHEEM, HOUSTON NA BIASHARA YA TIMU TATU

Niko Shahe, Guangzhou. Soko letu la nguo linaamka usiku wa manane, na ikifika mchana wengi tumeshafunga hesabu. Asubuhi biashara ikipoa kidogo, simu zinatoka mifukoni, na kwa jirani zangu Wachina simu maana yake ni NBA. Msimu wa baridi, mechi inayoanza saa 1:30 jioni New York huku ni saa 2:30 asubuhi. Hata dirisha la Februari la kubadilishana wachezaji, linalofungwa saa 9 alasiri kwa saa za New York, huku linafungwa saa 10 alfajiri. Labda liangukie Mwaka Mpya wa Kichina, lakini vinginevyo ni saa ya watu wa Shahe kabisa.

Basi hapa kila mtu ni meneja wa timu. Mpeleke huyu Lakers, mchukue yule, timu ya tatu iongezwe. Julai 2025 Kevin Durant alipohamia Houston, timu 7 zilihusika, na tangu hapo vijana hawaridhiki na timu mbili. Sina ugomvi nao. Ila mapendekezo yao yote yana kasoro moja, na sisi Watanzania tulipaswa kuiona kabla ya wengine, kwa sababu ya Hasheem Thabeet.

Kwanza tuelewane timu ya tatu ni ya nini. Mfanyabiashara yeyote wa Shahe anaijua bila kufundishwa. Juma ana nafasi kwenye kontena lakini fedha imemwishia. Asha ana fedha lakini kontena lake limejaa. Wa tatu ana jinzi za ziada ambazo hajui atazisafirishaje. Wawili wakikaa peke yao hawafiki popote. Watatu wakikaa, mzigo unaondoka. NBA ni hivyo hivyo, isipokuwa kuna sheria ya mishahara: kwa kawaida timu iliyojaza bajeti yake haiwezi kupokea mishahara mikubwa kupita kiasi ikilinganishwa na inayotoa. Hesabu ikigoma, anatafutwa wa tatu. Februari 2025 Luka Doncic alipotoka Dallas kwenda Lakers na Anthony Davis akaenda Dallas, Utah waliingia kama mwenye stoo. Walimpokea Jalen Hood-Schifino, na malipo yao yakawa haki mbili za kuchagua wachezaji raundi ya pili.

Biashara nzuri ya pande tatu ni kama ile ya Februari 2009. Orlando walikuwa wameumiwa mpigisha pasi wao, Jameer Nelson, wakampata Rafer Alston kutoka Houston. Houston wakampata Kyle Lowry kutoka Memphis. Memphis wakapata haki ya Orlando ya kuchagua raundi ya kwanza. Orlando walifika fainali mwaka huo huo. Kila upande ulipata ulichofuata.

Lakini fuatilia ile haki ya Memphis. Juni 2009 waliitumia, nafasi ya 27, kumchagua DeMarre Carroll. Mwaka huo huo, nafasi ya 2, walikuwa wamemchagua Hasheem wetu, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Februari 2011 Memphis waliwatoa wote wawili, pamoja na haki nyingine ya raundi ya kwanza, kwenda Houston wampate Shane Battier. Kwa Memphis ilikuwa akili: miezi miwili baadaye, wakiwa wa 8, waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Houston nao walipata haki yao. Hasheem je? Alicheza mechi 2 msimu ule na 5 msimu uliofuata. Machi 2012 akapelekwa Portland pamoja na Jonny Flynn, ili Houston wampate Marcus Camby. Kuhamishwa mara mbili ndani ya miezi 13.

Mnakumbuka tulivyosema nyumbani. "Ameuzwa tena." "Hafai." Tulimsema kama robota lililorudishwa na mteja. Hakuna aliyeuliza kama timu iliyompokea ilikuwa inamhitaji. Portland siku ile ile walimfukuza kocha Nate McMillan na kumwachia Gerald Wallace aende Nets. Ile ni nyumba iliyokuwa inabomolewa. Nani angefundishwa humo?

Sasa na mimi nipendekeze biashara yangu, ingawa imechelewa miaka mingi. Machi 2012 ningemwita Oklahoma City awe wa tatu. Camby aende Houston kama ilivyokuwa. Flynn na ile haki ya raundi ya pili ziende Portland. Hasheem aende Oklahoma City, na Portland wapewe Cole Aldrich, senta kijana aliyekuwa hapati dakika kule. Mshahara wa Hasheem ulikuwa mkubwa kuliko wa Aldrich, kwa hiyo Oklahoma City wangelazimika kuongeza mtu mwingine. Ni kazi ya kalamu tu, mameneja wanaifanya kila Februari.

Kwa nini Oklahoma City? Kwa sababu mkataba ulipokwisha na Hasheem akawa huru, ndiko alikosaini mwenyewe, Julai 2012. Msimu uliofuata alicheza mechi 66, nyingi kuliko msimu wowote isipokuwa ule wa kwanza. Na Carroll? Houston walimwacha baada ya muda mfupi. Mwaka 2013 akiwa huru alisaini Atlanta, akawa mchezaji wa kuanza kwenye timu iliyoshinda mechi 60 msimu wa 2014/15. Vijana wawili waliotupwa kwenye kapu moja, na wote wawili walipata pa kusimama walipoweka saini wenyewe.

Ndiyo hoja yangu. Haki ya kukataa kuhamishwa anaweza kuiomba kwenye mkataba yule tu aliyeitumikia ligi miaka 8, na 4 kati ya hiyo kwenye timu hiyo. Anayehitaji ulinzi zaidi ni yule wa chini kabisa. Nasema mchezaji aliye kwenye mkataba wake wa kwanza akishahamishwa mara moja, mara ya pili aulizwe. Akikataa, timu imalize naye mkataba au imwache huru.

Najua jibu: analipwa mamilioni ya dola, anyamaze. Fedha alilipwa, sikatai. Lakini mtu mrefu wa futi 7 na zaidi aliyeanza kuchelewa anajifunza kazi kati ya miaka 23 na 25, na miaka hiyo hairudishwi kwa hundi. Anayelipwa vizuri akiwa amekaa benchi bado amekaa benchi.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuhamisha watu kwenye simu, andika mistari yako mitatu: timu ya kwanza inapata nini, ya pili inapata nini, ya tatu inapata nini. Kisha ongeza wa nne: anayehamishwa anapata nini. Mstari huo ukiwa mtupu, ulichopanga ni usafirishaji wa mzigo. Huo tunaujua sisi wa Shahe, na mizigo yetu haina mama anayesubiri simu Dar.

Nawasilisha.