Taa za Nyakanazi zimulike barabara, si mawingu

Nyakanazi saa tatu usiku hailali. Barabara za Kahama, Kibondo na Rusumo zinakutana pale. Malori ya Kigali na Bujumbura yamejipanga, chipsi zinakaangwa, na taa nyeupe za kituo kimoja cha mafuta zimeinuliwa nyuso kuelekea juu, kana kwamba wateja watashuka kutoka mbinguni.

Sipingi taa. Sisi wa Biharamulo na Ngara giza tunalijua: kuna miaka mabasi yalivuka mapori yetu yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Lakini mwanga unaopanda angani haumkamati jambazi. Unamwumiza macho dereva, na LUKU inaliwa bure.

Na taa zitaongezeka tu. Rusumo pale Ngara sasa kuna mitambo ya megawati 80, umeme unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ndiyo maana nasema tupime anga letu sasa, tujue tulianzia wapi.

Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia ripoti zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho matupu kati ya 2011 na 2022. Anga lilizidi kung'aa kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Ripoti nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini; za Afrika ni chache mno. Tusitegemee satelaiti pekee, kwani zinazopima taa za usiku haziuoni vizuri mwanga wa buluu, ambao taa nyeupe za LED zinautoa kwa wingi.

Kipo kifaa cha kushika mkononi, Sky Quality Meter. Penye giza la asili husoma karibu 22. Namba ikishuka kwa 5, anga limeng'aa mara 100. Asiyenacho ana Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Nafundisha fizikia, na Desemba, usiku usio na mwezi, huwaambia vijana wangu wahesabu nyota zake, macho yakishazoea giza. Nyuma ya bweni wenye macho mazuri hupata 6. Karibu na stendi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona naona kama moshi tu?"

Anayebisha kwamba mwanga huvuruga viumbe wa usiku aende Bukoba msimu wa senene, aone taa kali na mabati yanavyowashusha. Nasi tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Kwa hiyo halmashauri zetu mbili, kwenye zabuni ijayo ya taa za barabarani, ziandike hivi: kila taa iwe na kofia inayoshusha mwanga chini, rangi iwe ya manjano isiyozidi kelvini 3,000, na baada ya saa sita usiku ipunguzwe. Kuhesabu Kilimia waachiwe wanafunzi, na matokeo yatunzwe ofisi ya elimu ya wilaya.