Bastola Ichaguliwe kwa Mkono, Si kwa Fahari

Miongoni mwa wanaoomba leseni ya bastola wako wanaoichagua silaha hiyo kama wachaguavyo saa ya mkononi: kwa kung'aa kwake, kwa jina la kiwanda, au kwa kuwa tajiri fulani anayo. Huo ni uchaguzi wa fahari, na fahari ya namna hiyo ina hatari kwa majirani.

Mfanyabiashara wa dagaa wa Rusimbi anayebeba fedha alfajiri kwenda mwaloni ana sababu ya kuwahofu majambazi. Hata hivyo, hofu hiyo, ijapokuwa ya haki, haiufundishi mkono wake kulenga shabaha.

Mkoa wa Kigoma umezijua bunduki tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa iliyopita Ujiji ilitegemea magobori. Baadaye, vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vile vya Kongo vya mwaka 1996 vilileta mkoani maelfu ya wakimbizi waliokimbia mauaji, na wahalifu nao wakapata mwanya wa kupitisha silaha haramu. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kuudhibiti mtiririko huo. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Kwa hiyo bastola si bidhaa ya kununuliwa kama baiskeli. Ni dhamana inayotolewa kwa leseni.

Aliyekwisha kupewa dhamana hiyo hana budi kuanza na mkono wake. Bastola ikaguliwe kwanza na mjuzi kuwa haina risasi, kisha ishikwe. Mpini ujae kiganjani bila kuacha nafasi, na mtutu ufuate mstari wa mkono hadi kwenye kiwiko. Ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kifundo kupindwa. Kidole kisipofika, mpini ni mnene mno, na kila risasi itakwenda upande. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie kama kidole gumba chake kinavifikia vitufe, kwa maana bastola nyingi zimeundwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

Wengi hudhani kuwa bastola ndogo ni rahisi kuitumia. Sivyo. Kwa risasi ya aina moja, bastola nyepesi huurusha mkono zaidi kuliko ile nzito, na hivyo kuchelewesha shabaha ya pili. Tena, mwenye vidole dhaifu huweza kushindwa kuikoki bastola ya magazini. Yeye huenda akafaidika na ile ya silinda, ingawa kwa kawaida hiyo huchukua risasi tano au sita tu, na kifyatulio chake huwa kizito.

Aliyepitia mafunzo ya mgambo naye asijidanganye. Bunduki huegemea bega. Bastola haina egemeo ila mikono. Ujuzi wa ile hautoshi kwa hii.

Yote haya si mambo madogo katika mitaa yenye nyumba zilizosongamana. Risasi iliyomkosa jambazi haisimami hewani. Hupenya dirisha au mlango wa jirani, na nyuma yake huenda amelala mtoto. Anayeifyatua silaha isiyomwenea mkononi amekwisha kumweka mtoto huyo hatarini kabla jambazi hajafika.

Basi mwombaji ajiulize kwa utaratibu: Je, haja ipo kweli? Mkono unaiweza? Mafunzo yamepatikana? Nyumbani lipo sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na watoto? Akikosa jibu la swali moja, heri aache kuomba, fedha zake azipeleke benki, na barabarani afuatane na wenzake. Hakuna aibu katika kuishi bila bastola. Aibu ni kuimiliki na kushindwa kuitawala.